Ili Tuonekane Hatuna

Mume wangu ni mwenyekiti wa mtaa, na cheo hicho kimemlevya. Aliposikia wapimaji wanakuja kuamua mtaa upi uvutiwe nyaya za umeme kwanza, aliitisha mkutano, akaamuru kila mwenye sola aishushe paani. Wakituona tuna mwanga, alisema, watadhani tumeshiba, wawapelekee wenye njaa. Watu wakampigia makofi. Kwao sola ni umeme wa aliyekata tamaa. Umeme wenyewe ni ule wa nguzo.

Akaanza na paa letu, ili awe mfano.

Mimi nilikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga, imejaa mayai, na sola ndiyo iliyoipa joto. Zilibaki siku chache tu yaanguliwe. Wafugaji walishaagiza vifaranga wao, nami kwa mara ya kwanza nilijiona mtu mwenye kazi yake, si mke wa mwenyekiti tu. Nilimweleza kwamba yai likipoa limekufa. Akanijibu betri itatosha, wapimaji wanakuja kesho.

Hawakuja kesho, wala kesho kutwa. Betri ikaisha. Niliizungushia mashine mablanketi, nikapanga chupa za maji ya moto ndani, nikawa nazibadilisha usiku na mchana kama muuguzi wa zamu. Nikamwomba anirudishie sola, wakija tutaifunika turubai.

"Mama watoto, nikirudisha yangu, nani atanisikiliza tena?"

Mvumilivu hula mbivu, akaongeza, akaenda zake. Mbivu zipi, na mayai yananiozea mikononi? Nilimchukia siku ile, wala sifichi.

Wapimaji walipofika, mkuu wao alizunguka mtaa mzima akitazama mapaa. Alipofika kwetu akauliza nani hapa ana kazi inayohitaji umeme: cherehani, friji, chochote. Mume wangu akaniita kwa mbwembwe, akamwonyesha mashine. Yule bwana akatia kiganja ndani.

"Mbona ya baridi?"

Nilichukua yai moja, nikalivunja kwenye sahani mbele yao. Kifaranga alikuwa ameshaota manyoya, macho yamefumba. Mume wangu akatazama pembeni.

Mpimaji alikuwa mstaarabu. Alimweleza taratibu kwamba nyaya zinaanzia mitaa ambayo watu wameshazoea kutumia umeme, hata wa sola, kwa sababu huko ndiko watakaoununua.

"Hapa, mwenyekiti, sijaona hata paneli moja. Itabidi msubiri."

Wakapanda gari lao, wakaenda mtaa wa pili.

Jioni mume wangu alitoa sola chini ya kitanda, akaipangusa vumbi, akaegemeza ngazi ukutani. Akaniita nimshikie ngazi, kwa sauti ya upole ambayo sijaisikia tangu apate cheo. Nilikuwa uani nafukia mayai. Nikaendelea kufukia.