Nyota ya Kulinganishia

Saa sita mchana nilimnyang'anya Don Nolberto, mtafiti mzee wa nyota, usiku wake wa darubini, naye akasema tu, "Haya binti, chukua." Ndiyo desturi ya kituo chetu cha nyota hapa La Serena: kitu angani kikibadilika ghafla, anayekifuatilia anapewa darubini, na mwenye zamu anakaa pembeni. Usiku huo alikuwa ameungoja mwaka mzima.

Kwasa yangu ilikuwa imefifia hadi nusu ndani ya wiki sita. Kwasa ni mwanga wa gesi inayomezwa na shimo jeusi, huko mbali kabisa, na mwanga huo huchezacheza siku zote, lakini si kwa kiasi hicho. Nilitaka kuuchambua rangi kwa rangi usiku uleule. Nikiukosa, sina shahada ya udaktari, na miaka mitano imekwenda bure.

Saa kumi, tukinywa chai kwa mkate na parachichi, Don Nolberto aliuliza, "Unailinganisha na nyota gani?"

"Ile ya kushoto. Nyota zile za zamani haziingii kwenye picha za kamera mpya."

"Aa," akasema, akaendelea kupaka mkate wake.

Ile "aa" ilinikaa akilini. Nilirudi mezani kwangu, nikaipima nyota ya kushoto kwa nyingine nne. Kwasa haikuwa imefifia hata chembe. Nyota ndiyo iliyoongezeka mwanga maradufu, nami mjinga nikapimia mizani mbovu.

Gari la kwenda mlimani, kwenye darubini, lilikuwa linaondoka saa kumi na moja. Nani angejua? Ningesema kwasa imerudia hali yake. Zipo zinazofanya hivyo. Nilijichukia kwa kufikiria hivyo, na bado nilifikiria dakika ishirini nzima.

Nilimkuta Don Nolberto ofisini kwake akitoa makoti ya safari kwenye begi.

"Rudisha makoti, Don. Usiku ni wako. Inayobadilika ni nyota, siyo kwasa."

"Najua. Niliipima mwaka jana."

"Ulijua? Ukaniacha nihangaike hivi? Una roho mbaya wewe mzee!"

"Nilitaka kuona kama utakuja."

"Na nisingekuja?"

Alirudisha makoti, akafunga zipu. "Ungeupata usiku wako, binti. Ila nisingeamini tena namba yako hata moja."

Akakimbilia gari. Mimi nikakaa kwenye kiti chake, nikaanza kuwaandikia wenzangu wote kituoni kwamba nimekosea.