Nukta Mbili

Kwa miaka tisa Esnath ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza katika kwaya ya usharika wao, Makambako. Mwezi mmoja kabla ya mashindano ya Njombe, mwalimu wa kwaya, Mzee Elius, alimsogeza nyuma, akamweka mbele Paskalina, aliyehamia juzi tu kutoka Makete.

"Unachelewa, Mama Sila. Penye haraka unavuta."

"Naimba kilichoandikwa!" Esnath alipunga karatasi ya nota. "Hapa pana nukta mbili, pigo zima; ingekuwa nukta moja ningeimba nusu pigo. Au kuna mtu kanibadilishia karatasi kwa kuitaka nafasi yangu?"

Paskalina alicheka. "Dada, na sauti nayo nimekubadilishia?"

Wanakwaya wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo Esnath alichukia hata jinsi yule mwanamke alivyofunga kilemba. Na kila wivu ulipompanda alifikicha macho, yaliyomwasha tangu usichana.

Efraimu, mumewe, ndiye aliyemwona akimimina chai nje ya kikombe. Akampeleka Njombe kwa daktari wa macho. Daktari alimpima, akamchorea. Konea, kile kioo cha mbele ya jicho, hutakiwa kuwa mviringo kama mpira. Vya kwake vilikuwa vimekonda na kuchomoza kama kichwa cha parachichi. Mwanga hupinda vibaya hapo, kitu kimoja kikaonekana viwili, kimoja juu ya kingine.

"Hata nukta?"

"Hata nukta. Na usifikiche tena, unazidisha. Kuna lenzi ngumu za kuvaa juu ya jicho, zitakusaidia kuona. Ila zitachukua wiki kadhaa kufika, na ugonjwa wenyewe lazima tuufuatilie, maana huwa unaendelea."

"Unaambukiza?"

"Hapana, hauambukizi."

Esnath, aliyekuwa akimfikiria Paskalina, aliona aibu kwa jinsi jibu lile lilivyomsikitisha.

Mazoezi yaliyofuata alisimama mbele ya wote. "Karatasi haikubadilishwa," alisema. "Ni macho yangu. Nukta moja naiona mbili."

Safari hii hakuna aliyecheka. Paskalina alisogea kwenye benchi. "Basi kaa hapa, dada. Nitakuimbia, ushike kwa kichwa."

Akamwimbia sikioni mstari mzima, haraka, kila pigo mahali pake. Esnath angetoa hata jicho moja ili sauti ile isiwe nzuri namna ile.

"Rudia," alisema.