Kuanzia Kichwani

Alichokiona kwanza kilikuwa wino wa bluu kwenye foronya. Msafishaji wa bweni alikuwa akikusanya mashuka ya chumba namba tisa, akakuta maneno madogo yamejichapa kinyumenyume pale mtu anapoweka shavu. Mwenye chumba alikuwa ameandika kiganjani, akalalia kiganja chake.

Wiki iliyofuata, wino tena. Na wiki ile nyingine.

Msafishaji alikuwa na miaka miwili katika bweni lile la wanafunzi wa uuguzi, na watu waliowahi kumsemesha aliweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, vingine vikabaki. Wasichana walimpita kwenye korido kama walivyoipita ndoo yake. Hawakuwa na ubaya, walikuwa na haraka tu. Mchana alikula ndani ya stoo, mlango ameurudishia, mifagio imemzunguka kama wageni wasio na habari. Ni mwanafunzi wa namba tisa peke yake aliyekuwa akimwambia, "Pole na kazi, dada," kisha akasimama kungoja jibu.

Ndiyo maana Jumatatu ile, alipomkuta amekaa sakafuni macho yamemvimba, hakufunga mlango akaenda zake.

"Kulikoni, nesi?" Alimwita nesi tangu siku za mwanzo, kwa utani.

"Usiniite nesi. Ijumaa narudia mtihani wa vitendo. Nikianguka tena, nafunga virago."

Akamweleza. Unaingia chumbani, mwanasesere mkubwa amelazwa kitandani, mtahini anakwambia huyu ni mama aliyetoka kujifungua na anavuja damu nyingi, taja dalili zake. Ziko saba. Mara ya kwanza alitaja tatu, kwenye ya nne akafa ganzi.

"Nimetunga sentensi, kila neno linaanza na herufi ya dalili. Nikifika pale sentensi naikumbuka, herufi ni za nini sijui. Nikatunga na wimbo. Umebaki mdundo tu, maneno yamekimbia."

"Basi siku hiyo wachezee huo mdundo," alisema msafishaji, naye akashtuka kusikia amefanya mzaha.

Nesi alicheka huku anajifuta makamasi.

"Hebu nisomee hizo dalili."

Nesi akafungua daftari. Hatulii. Midomo na macho vinapauka. Ana kiu. Anapumua harakaharaka. Mapigo ya moyo yanakwenda mbio, tena dhaifu. Mikono ni ya baridi, ina jasho. Mkojo unapungua.

Msafishaji aliegemea mlango.

"Rudia hiyo ya kiu."

"Anaomba maji. Ukimpa, anaomba tena."

Msafishaji akasema, macho yakiwa kwenye mpini wa deki, "Mimi kuandika kunanipiga chenga, niliishia darasa la tano. Lakini nikipiga deki, sikosi mahali. Naanza kona ya ndani, narudi nyuma mpaka mlangoni. Nikiruka sehemu naiona, maana ni kavu. Na wewe anzia kichwani, teremka. Usishike maneno, mshike mtu."

"Mtu gani, dada? Mimi nina daftari tu."

"Mimi nipo."

Akavua viatu na koti la kazi, akajilaza. Kwa miaka miwili alikuwa amevitandika vitanda vile, hajawahi hata kukaa ukingoni.

Nesi alisimama juu yake, akatazama kichwa. Kichwa kilikuwa kinageuka huku na huku kwenye mto, na mkono mmoja unapapasa ukuta kama unaotafuta dirisha. "Hatulii," alisema Nesi. Akateremka machoni, akateremka mdomoni. "Maji," ulisema mdomo, kwa sauti ndogo sana. Akateremka kifuani, kisha kwenye kifundo cha mkono, kisha kiganjani. Kiganja kilikuwa cha baridi kweli, kina jasho kweli.

"Dada! Unaumwa?"

"Endelea. Hujafika mwisho."

Walifanya hivyo kila jioni mpaka Alhamisi. Kwa mara ya kwanza msafishaji alikuwa na mahali anapongojwa. Akipandisha ngazi alijikuta anatembea upesi, kisha anapunguza mwendo makusudi, kwa kuwa hesabu aliijua. Nesi akianguka, anarudi kwao. Akipita, anahamia nyumba za wauguzi kule hospitalini. Vyovyote iwavyo, wiki ijayo namba tisa ingekuwa godoro tupu. Bado, alipofumba macho kitandani, aliomba Nesi apite.

Ijumaa mchana mlango wa stoo ulifunguliwa bila hodi.

"Nimepita!" Nesi alimkumbatia kwa nguvu, mifagio miwili ikaanguka. "Zote saba, dada, tena kwa mpangilio! Sikumwona mwanasesere, nilikuona wewe. Mtahini akaniuliza nimeshawahi kumhudumia mgonjwa wa hivi wapi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia namba tisa."

Wakacheka. Halafu Nesi akaacha kucheka, akamtazama.

"Dada, ule mkono uliokuwa unapapasa ukuta haumo kwenye daftari langu. Mimi sikukusomea. Alikuwa nani?"

Jibu alilolizoea lilikuwa "hakuna mtu." Lilikuwa tayari ulimini, kama siku zote. Lakini Nesi alikuwa ameshakaa sakafuni, amekunja miguu, hana haraka. Na Jumatatu hangekuwepo tena.

"Dada yangu," alisema. "Niliyemfuata kuzaliwa. Alijifungulia nyumbani, mimi nina miaka kumi na miwili. Wakubwa wote walitoka kutafuta gari, wakaniambia kaa naye. Sikujua kama zile ni dalili, nesi. Nilikuwa naziona moja moja, nasema ni uchovu. Aliomba maji, nikampa. Akaomba tena, nikampa. Mara ya tatu nilimwambia anyamaze, atamwamsha mtoto." Aliokota fagio moja lililoanguka. "Akanyamaza. Nikafurahi. Nikasema afadhali, amepata usingizi."