Ukuta wa Mama

Binti alikuwa mchora ramani katika ofisi ya mipango miji. Siku hiyo alimwonyesha mama yake simu. Mstari wa buluu ulifuata njia ya maji ya mvua: yalishuka kutoka barabarani, yakagonga ukuta wa mama, yakapinda na kuingia sebuleni kwa jirani.

"Wachimbaji wa mtaro wanakuja kesho, mama. Ukikubali ukuta utobolewe, maji yatapita. Ukikataa, mvua ijayo jirani atalala juu ya meza."

"Ukuta wangu umekukosea nini? Nyumba yake ndiyo iko bondeni. Mwaka wa tatu huu namwambia anunue mtumbwi."

"Ramani haisemi hivyo."

"Hiyo ramani yako imewahi kudeki ua huu? Ngoja nikuonyeshe maji yanakokwenda."

Mama alinyanyua beseni la maji ya kufulia, akayamwaga karibu na geti kwa madaha ya mtu aliyekwisha kushinda. Maji yalikimbia hadi ukutani, yakasita kama mgeni asiyejua mlango, kisha yakapinda na kutokomea kwa jirani pamoja na povu lake.

Sauti ya jirani ikapanda kutoka upande wa pili. "Shoga, hata kiangazi? Basi nirushie na nguo nikusaidie kufua!"

Binti aliuma midomo asicheke. Mama alilitazama beseni tupu, kisha ukuta alioujenga kwa jasho lake.

"Haya, toboeni," alisema. "Lakini ofisini useme mimi ndiye niliyepima."