Kulungu wa Kasri la Rehe

Jemadari, aliyelitwaa kasri baada ya mfalme kupinduliwa, alitaka nyama ya kulungu kwa karamu ya kesho yake, sikukuu ya mwezi mpevu. Kapteni Qu alipoleta amri, Suyun alikuwa bondeni, nyuma ya ziwa la kasri, akimlisha pumba za mtama kulungu jike aliyemlea kwa uji tangu udogoni.

"Wote walionona," alisema Kapteni. "Wafungwe kamba kabla ya jioni."

"Afande, mlianza na misonobari, mkaifanya majeneza. Mkabandua shaba kwenye paa za mahekalu. Sasa mmefika kwa hawa?"

"Si mali ya mfalme, mama? Akirudi, mwambie anidai mimi." Askari wake wakaangua kicheko.

Shoude, mumewe Suyun, ambaye ukoo wake ulichunga kulungu wale vizazi na vizazi, aliinama mpaka kiunoni. "Watakuwa tayari, afande."

Walipoondoka, Suyun alimgeukia. "Watakuwa tayari? Ndiyo maneno hayo?"

"Ulitaka nisemeje? Wana bunduki."

"Ungenyamaza basi! Hata kunyamaza kumekushinda?"

"Mwenye nguvu mpishe, mke wangu."

"Nimempisha mpaka mgongo umegusa ukuta!"

Shoude akaenda kutafuta kamba. Suyun hakumngoja. Askari walikuwa wakila mchana katika ukumbi wa malkia, farasi wao wamefungwa kwenye nguzo zenye rangi. Alibeba gunia la pumba, akalitikisa, na kulungu wakamfuata kupanda kilima hadi kwenye pengo la ukuta, pale askari walipobomoa ili kupitisha magogo. Akawaswaga nje kwa fimbo, mpaka msitu ukawameza.

Kapteni alipokuta bonde tupu, alimlaza Shoude chini na kuamuru achapwe.

"Mwacheni! Ni mimi niliyewatoa!" Suyun alipiga kelele, askari wawili wakimshika mikono. "Nipigeni mimi!"

"Mume asiyemweza mkewe ndiye wa kupigwa," alisema Kapteni, na fimbo zikaendelea.

Jioni Suyun alimpaka mafuta mgongoni. Shoude alikuwa ameugeuzia ukuta uso.

"Umeridhika?"

"Sijaridhika. Nina hasira nao, na wewe pia bado nina hasira nawe."

Alfajiri Suyun alisikia kwato uani. Akatoka mbio. Kulungu walikuwa wamerudi wote, wamesimama kwenye umande wakingoja pumba. Yule jike alimsukuma tumboni kwa pua, kama kila siku.

"Rudini!" Suyun alinong'ona, akimsukuma. Jike akarudi tena. Kule ukumbini mtu alikohoa. Askari walikuwa wanaamka.

Suyun akaokota jiwe. La kwanza alilirusha kando. La pili likampata jike ubavuni, naye akaruka, akasimama, akamtazama.

"Nendeni, wajinga nyie! Nani kawaambia hapa ni kwenu?" Machozi yalimtiririka na mkono haukupumzika.

Mlango ulilia nyuma yake. Shoude alitoka akichechemea, shati limegandia mgongoni, akainama kwa taabu na kuchota mawe. Wakawarushia pamoja, wakiwakimbiza kilimani mpaka wa mwisho akapita penye pengo.

Siku hiyo Jemadari alikula nguruwe. Suyun alishinda pale ukutani, gunia tupu begani, na kila kichwa kilichochungulia kutoka msituni kilikaribishwa kwa jiwe.