Mchezo wa Kukimbia Moto

Mwalimu wa chekechea hakupenda kuwatisha watoto, kwa hiyo somo la moto wa porini akaligeuza mchezo. Kiangazi kilishakausha nyasi, na mwaka uliopita moto ulifika hadi mtaani. Alichora nyumba uani kwa chaki, akamfunga mtundu mmoja kitambaa chekundu awe moto, akapuliza filimbi. Kila mtoto abebe cha maana, kisha wakimbilie uwanjani. Wakakimbia kwa vicheko, na moto wenyewe ukajikwaa ukalia.

Binti yake, ambaye shuleni alimwita mwalimu kama wenzake, alifika na begi, dumu la maji na kuku wa karatasi. Mwalimu akamsifu, halafu akamuuliza, kama alivyowauliza wote, nani amebaki ndani.

"Bibi," mtoto akajibu. "Bibi huwa anabaki, mwalimu."

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wahenga hawakukosea. Siku ile ya moto mwalimu alimshika binti mkono huu, begi la nguo mkono ule, akampita mama mkwe kitandani. Alijiambia atarudi. Hakurudi. Fundi baiskeli wa jirani ndiye aliyeingia akamtoa mgongoni. Baadaye mwalimu akamwambia kila mtu, hata mumewe, kwamba yeye ndiye aliyemtuma fundi, maana mama ni mzito, angemwezea wapi? Mama mkwe aliyasikia yote, akanyamaza. Kimya hicho kilimtafuna mwalimu mwaka mzima. Heri angetukanwa yakaisha.

Jioni alikaa ukingoni mwa kitanda cha mama mkwe, akasema bila kuzungukazunguka kwamba hakumtuma mtu, alimwacha, na anaona aibu. Mama mkwe akaendelea kukunja shuka. Mwalimu akaongeza kwamba kesho watoto wanamhitaji mchezoni.

"Kwa miguu hii nitacheza nini?"

"Utakuwa wa kubebwa kwanza, mama."

"Na mbebaji?"

"Mimi."

Mama mkwe akaweka shuka kando. "Haya, jaribu sasa. Usije ukaniangusha mbele ya watoto."

Mwalimu akachuchumaa, akampokea mgongoni, akajikaza kama mtu anayeinua gunia la mahindi. Aliposimama nusura apige mweleka kwa nguvu alizozidisha. Mama mkwe alikuwa mwepesi kuliko lile begi la nguo.