Mistari Miwili ya Mama

Majira yale ya baridi nilipopewa kazi ya kuigeuza hadithi ya Misuko Arobaini iwe mchezo wa jukwaani, ukungu wa mto Sir Daryo ulikuwa ukipanda kila asubuhi hadi kwenye ngazi za ukumbi wetu pale Khujand, nami nilikuwa naingia kazini kama mtu ambaye bado hajaamka vizuri. Nilikuwa na miaka arobaini na mitano. Nilishaandika michezo tisa ya Jumapili, ile ya saa tano asubuhi ambayo wazazi huja na watoto wao na mifuko ya zabibu kavu, na hakuna hata mmoja ulionitia hofu. Huu ulinitia.

Hadithi yenyewe hakuna kwetu asiyeijua. Kitabu chake ni chembamba, jalada la buluu, na kila darasa la pili linacho tangu enzi za bibi zetu. Msichana anaishi na mama yake kwenye nyumba yenye kiota cha korongo juu ya paa. Vuli inafika, korongo wanaondoka, mmoja anabaki kwa sababu bawa lake moja ni fupi. Msichana ana misuko arobaini kichwani, kama walivyosukwa wasichana wa zamani. Kila siku anakata msuko mmoja anampa korongo, na kila msuko unageuka unyoya. Siku ya arobaini bawa linatimia. Korongo anaruka, na msichana, ambaye sasa kichwa chake ni chepesi kama pamba, anaruka naye. "Nyumba ikabaki na paa lake, na paa likabaki na kiota." Hapo kitabu kinafungwa.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakisoma nikiwa nimelala chali kwenye magodoro ya sebuleni, kisha nakiweka kifuani na kutazama dari, hadi dari lenyewe linaanza kusogea. Nilimfikiria msichana, nilimfikiria korongo, nilifikiria upepo wa huko juu. Mama yule sikuwahi kumfikiria hata mara moja.

"Usiiguse, Hosiyat," aliniambia Ubaydullo, mwongozaji wetu, mtu mwembamba ambaye kofia yake ya nakshi haikutoka kichwani isipokuwa akikasirika. "Ipanguse vumbi tu. Watoto wameihifadhi neno kwa neno. Ukibadilisha hata koma watatuzomea."

Kwa hiyo nikaipangusa vumbi. Korongo alitengenezwa kwa matete ya mtoni na vitambaa vyeupe, na waigizaji wawili waliingia ndani yake, mmoja kila bawa. Manyoya yalikuwa vipande vya pamba vilivyofuliwa mara nyingi mno hadi vikasahau uzito. Ukivirusha juu, vilikaa hewani kama vinafikiria kwanza, ndipo vinashuka. Tulikuwa tunakaa sakafuni na chai zetu tunavitazama vikianguka, watu wazima saba.

Msichana alichukuliwa na Nigina, binti wa miaka ishirini na miwili mwenye umbo la mtoto. Mama akapewa Mavjuda. Huyu kwa miaka thelathini alikuwa ndiye malkia wetu, ndiye zimwi letu, ndiye mlima wetu siku tukihitaji mlima. Nilipompa karatasi zake alizisoma amesimama, halafu akazigeuza.

"Unatafuta nini, apa?" nikamwuliza. Yeye ni mkubwa kwangu, na kwetu dada mkubwa haitwi jina tupu.

"Natafuta mistari yangu. Huku mbele nimeona miwili tu. Nimesema labda mingine imekimbilia nyuma."

"Ndivyo kitabu kilivyo. 'Mwanangu, umekula?' Halafu, 'Msuko wako mmoja uko wapi?' Halafu anatoka."

"Mwalimu, hata tanuri lina kazi kunishinda mimi. Tanuri angalau linatoa moshi."

Ubaydullo akaingilia kwa sauti tamu. "Apa Mavjuda, mistari miwili ikitoka kwako ni sawa na ishirini ya mwigizaji mwingine."

"Vizuri. Basi nipe hiyo ishirini ya mwigizaji mwingine."

Alikubali, maana hakuwa mtu wa kuacha kazi. Lakini alikuwa na lingine lililomkaa rohoni. Bahrom, mwanawe wa pekee, alikwenda Urusi kujenga maghorofa, na simu yake ilikuwa kimya wiki ya tatu sasa. Mavjuda aliingia mazoezini na simu yake kwenye mfuko wa aproni. Ubaydullo, aliyekataza simu mazoezini, aliona ule mfuko umevimba, akaendelea na kazi.

Siku tuliyopitisha mchezo wote mwanzo hadi mwisho, theluji ilikuwa inayeyuka na bomba la paa linadondoka taratibu nje ya dirisha. Nigina akafungwa kamba, akanyanyuliwa. Tari likapigwa polepole kama moyo wa aliyelala. Manyoya yakaanza kushuka. Taa ikafifia hadi buluu, hadi kijivu, kisha ikawaka kwa ajili ya sisi kuzungumza makosa. Tukaona Mavjuda bado yuko jukwaani, kwenye kona yake, anakanda unga.

"Apa," akaita Ubaydullo, "mama hayumo kwenye tukio hili."

"Yuko wapi?"

"Ametoka. Ukurasa wa ishirini na tisa. Mama anatoka."

"Anatoka aende wapi?" Mikono yake haikusimama. "Bintiye karuka kama jani. Yeye aende wapi, sokoni?"

"Sijui aendako! Haijaandikwa popote! Atoke tu!"

"Basi akijulikana aendako mniambie, nitatoka."

Kofia ya Ubaydullo ikaruka hadi safu ya nne. Akanigeukia mimi, mimi ndiye mwandishi. Nilikuwa nautazama ule unga unavyokunjwa, unasukumwa, unakunjwa tena, na nikajisikia kama ninaitazama nyumba yetu kupitia dirisha, ninaona jikoni, na sijui nimesimama wapi huku nje.

Mimi mwenyewe niliwahi kuruka. Nikiwa na miaka kumi na minane nilimwambia mama yangu naenda Dushanbe kwa shangazi, wiki mbili tu, narudi. Nilienda kujiandikisha chuo cha uigizaji. Nilikaa miaka sita. Nilikuwa naandika barua za furaha, na yeye alijibu kwa maneno machache: hali ya hewa, mti upi umezaa, nani kaoza binti. Nilisoma barua zile haraka haraka, nimesimama, nikiwahi mazoezi.

Wiki nzima nilijaribu kumwandikia mama wa jukwaani maneno. Nilikuwa nalala kidogo baada ya chakula cha mchana, na katika usingizi ule mwepesi alikuwa anakuja, anafungua mdomo, namsikia vizuri kabisa. Nikiamka hakuna kitu, ni bomba tu linadondoka. Mwisho nikamwendea Ubaydullo nikamwambia, "Mwache abaki."

"Anasema nini?"

"Hasemi. Sijapata cha kumpa."

Akanitazama, akavuta pumzi. "Sekunde sitini, Hosiyat. Nahesabu mwenyewe. Ikifika sitini taa inazimwa, awe anakanda au anapaa."

Tulifungua Jumapili ya pili ya mwezi wa tatu, miti yetu ya aprikoti ilikuwa imechanua, mji mzima umekuwa mweupe, na watoto waliingia na petali nyweleni. Ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Ubaydullo alisema kweli, walikuwa wameihifadhi. Kila mstari ulipotoka jukwaani mwingine ulitoka huku chini, sauti mia mbili ndogo. Korongo alipoinua bawa lile fupi, wakapumua wote pamoja. Nigina aliponyanyuka, hakuna aliyetazama kamba. Na mwisho wakasema kwa pamoja, kama sala, "Nyumba ikabaki na paa lake, na paa likabaki na kiota," wakaanza kutafuta makoti yao.

Mavjuda alikuwa anakanda.

Mmoja mmoja wakarudi kukaa. Nilikuwa nyuma ya pazia na Ubaydullo, namsikia anahesabu kwa kunong'ona: kumi na nane, kumi na tisa. Manyoya ya mwisho yakatua kwenye unga, Mavjuda akayaondoa kwa kidole. Thelathini. Akapangusa mikono. Kando ya tanuri kulikuwa na mkate, mkate wa kweli kutoka sokoni, maana watoto wa safu ya mbele hawadanganyiki na mkate wa karatasi. Akauchukua, akaugeuza huku na huku, akaona ni mzima. Akasema, si kwa sauti ya malkia wala ya zimwi, bali kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake,

"Hata mkate hajaung'ata."

Ubaydullo akaacha kuhesabu.

Kwenye ukumbi ule sidhani palikuwa na mtoto ambaye kwao hakuna mkate kwenye msumari, wenye alama ya meno ya baba au ya kaka, ung'atwao mara moja mlangoni siku ya safari na kutundikwa umngoje mwenyewe arudi aumalize. Ndipo mtoto mmoja wa kike, kama wa miaka sita, soksi nyekundu za sufu hadi kiunoni, akapanda ngazi za jukwaa kwa mikono na miguu. Bibi yake alimwita kwa kunong'ona, hakugeuka.

"Lete," akamwambia Mavjuda. "Mimi nimng'atie."

Mavjuda akapiga magoti, mwili wote ule mkubwa. "Kwani unamjua?"

"Namjua. Na mimi baba yangu kaenda."

"Haya. Ng'ata kwa nguvu, alama ionekane."

Yule mtoto akang'ata hadi mashavu yakajaa, akashindwa kutafuna. Mavjuda akatafuta pa kuutundika. Jukwaani hapakuwa na msumari, hatukuwa tumeuwaza. Akauning'iniza kwenye ndoano ya kamba iliyompandisha Nigina, akausogeza ukae sawa, akatulia kuutazama. Halafu, bila kuambiwa, akatoka. Fundi wa taa alisahau kuzima. Wala watu hawakupiga makofi mara moja. Walikaa kwanza, kama waliobebwa usingizini na kulazwa pengine.

"Vumbi la yale matambara," akasema Ubaydullo akijifuta macho. "Nilisema yafuliwe tena."

Tangu hapo ndivyo mchezo ulivyoisha kila Jumapili, lakini kila Jumapili kwa namna yake. Nikaandika kwenye karatasi: *Mtoto anapanda, kama atapanda.* Mara moja walipanda wanne, wakagombana. Mmoja akauliza kama hakuna asali. Jumapili ya tatu hakupanda mtoto yeyote. Mavjuda akangoja na mkate wake mkononi, akangoja, na hakuna aliyethubutu kuhesabu, hadi babu mmoja wa safu ya sita akainuka na fimbo yake, akapanda taratibu, akavua kofia na kung'ata kwa meno ya pembeni, maana ya mbele hakuwa nayo. Wiki hiyohiyo Bahrom alipiga simu. Alikuwa ameibiwa ile ya zamani. Mavjuda alimtukana dakika kumi nzima mbele yetu, huku machozi yanamtiririka, kisha akatuambia, "Anawasalimu."

Mama yangu, Saodat, miaka sabini na sita, alikuja Jumapili ya nne, alipopona kikohozi. Alivaa gauni lake la mahameli na akakaa safu ya tatu, mkoba mapajani. Baadaye tukarudi kwa miguu kupitia darajani. Petali za aprikoti zilikuwa zinapita chini yetu juu ya maji, nyingi, zimeshikana kama shuka.

"Umeuonaje mchezo, Mama?"

"Yule mwanamke hajui kukanda. Anaubembeleza unga kama paka."

Tukaenda hatua kadhaa.

"Wako uliliwa na panya," akasema.

"Wangu nini?"

"Mkate wako. Baridi ya pili tangu uondoke. Nilikwenda kupangusa ukuta nikakuta kamba tupu. Nikachukua mwingine, nikaung'ata mwenyewe, hivi, kwa upande, maana wewe ulikuwa na lile jino lililopinda. Nikautundika palepale. Baba yako hakujua."

Nilikumbuka siku niliyorudi. Aliutoa ukutani, mgumu kama jiwe, tukauloweka kwenye chai na kuula, na mimi nikacheka nikisema, tazama, kumbe nilikuwa na mdomo mdogo hivi.

"Ulijua tangu mwanzo?" nikamwuliza. "Kwamba si wiki mbili?"

"Mtu wa wiki mbili habebi koti la baridi mwezi wa saba."

"Mbona hukunizuia?"

Mama alisimama, akashika ukingo wa daraja, akatazama yale maji meupe yanayokwenda. Upepo ulimvuta kitambaa cha kichwa, akakirudisha.

"Ulikuwa umeshalivaa lile koti," akasema. "Lilikukaa vizuri sana."

Akanipa mkoba wake nimbebee, akatangulia.